Kabla ya shindano la kwanza la .22

Jumapili, jioni.

Nazidi kuamini kwamba anayeingia kwenye mashindano ya shabaha kwa bunduki ya .22 (ile ya risasi ndogo) huharibu hesabu ya fedha kabla hajaharibu kulenga. Karibu zote zinaishia kwenye bunduki, halafu risasi anaokota za bei chee. Heri angepindua mgawo huo. Bunduki kama CZ 457 au Tikka T1x, hata ile ya kawaida, inapiga vizuri kuliko mikono ya anayeanza. Kinachoibeba au kuiangusha ni risasi.

Sababu iko kwenye ganda lenyewe. Bunduki kubwa unaweza kuitengenezea risasi nyumbani, ukapima baruti punje kwa punje. Ya .22 huiwezi: dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, imewekwa kiwandani, na kazi imeishia hapo. Mshindani amebakiwa na kuchagua tu. Risasi ya gramu 2.6 hutoka mtutuni kwa takriban mita 325 kwa sekunde. Mwenzake wa pakiti hiyohiyo akitoka na upungufu wa mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 100 atapiga chini kwa kama sentimita 3, na kwenye mita 200 atapitiliza sentimita 10. Hapo kidole chepesi hakisaidii.

Kwa hiyo nunua pakiti moja moja ya aina nne au tano, tuseme CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, SK Rifle Match na Lapua Center-X. Subiri asubuhi isiyo na upepo, weka karatasi mita 50, piga makundi matano ya risasi tano kwa kila aina, kila kundi ukilenga nukta moja. Kila ukibadilisha aina, piga kwanza risasi 10 hadi 15 kwenye udongo bila kuzihesabu, maana kila kiwanda hupaka mafuta yake na mtutu unahitaji kusahau ya zamani. Kundi moja la kupendeza halithibitishi kitu, ingawa ndilo linalopigwa picha. Mimi ningechagua aina ambayo kundi lake baya kabisa ni dogo kuliko mabaya ya wenzake. Kisha angalia namba ya loti, yaani fungu lililotengenezwa pamoja, kwenye boksi ununue nyingi za namba hiyohiyo. Loti nyingine ya jina lilelile inaweza kukataa kabisa kwenye mtutu wako.

Zile zilizoandikwa kasi kubwa ziache. Zinatoka na mita 380 hivi kwa sekunde, zinashuka chini ya kasi ya sauti zikiwa bado hewani, na hapo zinayumba. Ajabu yake, hata upepo huzisukuma kuliko za polepole.

Upepo wenyewe ndio mtihani. Wa ubavuni wenye mita 5 kwa sekunde, ule wa kutikisa matawi madogo, husogeza risasi kama sentimita 10 kwenye mita 100. Umbali ukiongezeka maradufu, msogeo unakaribia mara nne.

Darubini isikutie wazimu. Ihakikishe inarekebisha paralaksi, yaani inalinganisha picha na umbali wa shabaha, hadi mita 25 au chini yake (nyingi za bunduki kubwa huishia 50, na bamba la chuma la kulengwa likiwa karibu unaliona ukungu), na alama za ndani na vipimo vya gurudumu la kurekebishia vyote viwe vya miliradiani (mili, kipimo cha pembe): kliki moja ya 0.1 ni sentimita 1 kwenye mita 100. Ukiiseti ipige katikati kwa mita 50, mita 100 itadai takriban mili 2.3 na mita 200 karibu 9. Ndiyo maana watu hufunga reli ya kubebea darubini yenye mteremko wa dakika 20 za pembe. Bila hiyo gurudumu linaweza kugota kabla hujafika. Funga pia kipima usawa cha kiputo. Bunduki ikiinama digrii 5 tu, kwenye mita 100 umepoteza kama sentimita 4 upande mmoja.

Pa kuanzia, kwa walio Marekani, ni NRL22, mfululizo wa mashindano ya .22: vilabu hupiga vituo (majaribio) vilevile kila mwezi, umbali hauzidi yadi 100, na kuna daraja la vifaa vya bei nafuu. Mwenye viza ya muda asome kwanza sheria ya shirikisho, kwani kwa kawaida hakubaliwi kumiliki wala kushika silaha isipokuwa awe ndani ya misamaha iliyotajwa, mfano leseni halali ya uwindaji. Uingereza na Ujerumani njia inapita kwenye uanachama wa klabu, na huko subira ni sehemu ya ada.

Siku ya shindano beba risasi 100, magazini mbili, miwani, vizibo vya masikio, kibendera cha kuonyesha chemba (chumba cha risasi) ni tupu, na mfuko mmoja mzito wa mchanga. Mwambie msimamizi wa renji kuwa wewe ni mgeni. Kituo huwa na risasi kama 10 ndani ya sekunde 120 hivi. Weka mfuko kwenye kizuizi, bunduki juu ya mfuko, darubini kwenye ukuzaji wa 8 hadi 12 ili bamba lionekane haraka, ndipo upange mwili. Ukihama, bolti (komeo la chemba) wazi na kidole nje ya triga. Ukikosea hapo unatolewa mashindanoni.

Risasi ikitoka usiinue kichwa. Ya .22 hukaa mtutuni muda mrefu kuliko za bunduki kubwa, na kwa kuwa haitikisi bega, kishawishi cha kuchungulia ni kikubwa. Shikilia triga nyuma mpaka uone bamba linacheza. Zoezi hilo hufanyika nyumbani bila risasi, chembani ukiwa umechomeka fisha ya plastiki ya ukutani ya kushikia skrubu, ile ya njano namba 4, ili pini isigonge ukingo wa chemba. Fisha ikichakaa, weka mpya.

Mtutu usiusugue kila wiki. Cha kuangalia ni pete ya kaboni, masizi yaliyoganda mbele ya chemba. Ikikomaa, makundi yanatanuka bila sababu inayoonekana na risasi zinakuwa ngumu kuingia. Itoe kwa dawa ya kaboni na brashi ya shaba, kausha, kisha piga risasi 10 hadi 20 kabla ya kuamini tena karatasi.