Noah ilivyoondoka ili MX-5 ipate pa kulala

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia yale yale: nunua hilo la spoti, Mazda MX-5, ukipenda, ila Toyota Noah yako usiiuze, utajuta. Siku ya kuhamisha kitanda utaikumbuka. Nikawasikiliza. Miezi saba baadaye nilikuwa nimelala chali chini ya Noah hiyo hiyo, nyundo mkononi, nagonga breki zilizokataa kuachia, na hasira niliyokuwa nayo kwa wale washauri sijaisahau.

Noah yangu ilikuwa ya kizazi cha kwanza, zile zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, injini ya petroli ya lita 2 imekaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona mashine hufungui boneti, unanyanyua kiti. Nilikaa nayo miaka tisa. Imebeba watoto, magodoro, wagonjwa, na mara moja imebeba mlango mzima wa mbao ukiwa umechungulia nje nyuma. Lakini watoto walikua wakaondoka, nikawa naendesha viti vinane peke yangu kwenda kazini na kurudi.

Gari nililolitamani tangu ujana ni Mazda MX-5, ile ya kwanza kabisa yenye taa zinazoinuka. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na taa za namna hiyo zikaishia toleo la 1997. Viti viwili, paa la turubai, injini iko mbele na tairi zinazosukuma ni za nyuma, uzito karibu tani moja tu. Ya kwangu ni ya 1996, injini ya lita 1.8. Wapo watakaokwambia ni gari la mapambo lisilo na nguvu. Hao hawajawahi kuliingiza kwenye kona likiwa gia ya tatu. Lile gari unaliendesha kwa kiuno. Unasikia tairi ya nyuma inafanya nini kabla usukani haujakwambia.

Kulinunua sitaeleza sana, isipokuwa kitu kimoja ambacho kiliniokoa. Nilikwenda kuliangalia na chupa ya maji ya lita moja. Muuzaji akadhani nina kiu. Kwenye MX-5 za zamani, maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai huingia kwenye vitundu viwili vilivyo nyuma ya viti, kimoja kila upande, yakapita ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Vitundu hivyo vikiziba kwa majani na vumbi, maji yanabaki ndani, na chuma cha pembeni chini ya mlango kinaoza kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Basi nikamimina taratibu upande wa kulia, nikainama kuangalia chini. Maji yakatoka, masafi. Nikaja kushoto. Nikamimina, nikasubiri, hakuna kitu. Muuzaji akanyamaza. Nikachukua mrija laini wa plastiki niliokuja nao, nikausukuma polepole, nikasikia kitu kinaachia, halafu maji meusi yakatoka kama kahawa na vipande vya majani ndani yake. Usitumie waya hapo, utatoboa mpira wa ndani. Nikapapasa chuma cha chini kwa vidole, nikabonyeza kwa nguvu kote. Sehemu moja tu ya ukubwa wa kiganja ilikuwa imeanza kulainika. Bei ikashuka hapo hapo, na kipande kile nilikikata na kuchomelea kipya ndani ya mwezi ule ule.

Sasa tatizo lenyewe. Nina nafasi moja tu ya kuegesha yenye paa. Gari la turubai haliwezi kunyeshewa kila usiku, kwa hiyo Noah ikatoka nje. Nikainunulia kifuniko cha nailoni, nikaifunga vizuri, nikavuta hendibreki, nikaondoka nikijiona nimefanya jambo la maana. Ule ushauri wa "ibaki tu, haili kitu" ni uongo. Gari lililosimama linakula. Betri ilikufa mwezi wa pili tangu niiegeshe. Nikanunua nyingine, nayo nikaisahau, ikashuka hadi haishiki tena chaji. Kifuniko cha nailoni hakipumui. Asubuhi nilipokifunua kilikuwa kinatona maji kwa ndani, na kingo za milango zilianza kutoa vipele vya kutu ambavyo miaka tisa havikuwahi kuwepo. Tairi zikalala upande mmoja. Bima nalipa ya magari mawili, naendesha moja.

Halafu ndiyo ikaja siku ya kitanda. Rafiki yangu anahama, akaniomba Noah. Nikaweka betri ya kuazima, mashine ikawaka kwa jaribio la tatu, nikaingiza gia, gari likanyanyua pua tu likakaa palepale. Nyuma imeshikwa. Ile hendibreki niliyoivuta kwa uangalifu ilikuwa imebana brekishuu, vile vipande vinavyosukumwa kusimamisha gurudumu, kwenye ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, miezi yote ile yenye unyevu, chuma kikapata kutu na vitu viwili vikawa kimoja. Nikalazimisha kwa rivasi. Nikasikia mlio mkavu upande mmoja ukaachia, upande wa pili ukagoma. Nikapandisha jeki, nikatoa tairi, nikaanza kugonga ngoma kwa nyundo, kuzunguka pole pole, gonga, zungusha, gonga. Saa nzima. Ilipoachia, kibanzi cha brekishuu kilikuwa kimebanduka na kubaki kimegandia ndani ya ngoma. Rafiki yangu alishahamisha kitanda chake kwa pikapu ya kukodi, na alicholipa kwa asubuhi ile kilikuwa kidogo kuliko bei ya betri moja niliyoiua.

Jioni ile niliamua Noah inaondoka. Haikustahili kuozea nje wakati kuna mtu anaihitaji.

Kosa langu la kwanza katika kuiuza lilikuwa rangi. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, nikampa fundi aupake ili gari lionekane zuri kwenye picha. Rangi ikatofautiana kidogo na ya zamani. Kila mnunuzi aliyekuja alisimama pale pale. Mmoja alitoa sumaku mfukoni akaanza kuipitisha bodi nzima kutafuta palipojazwa puti, maana hapo sumaku haishiki. Hapakuwa na ajali yoyote, lakini nani atakuamini ukishaficha mkwaruzo? Ungebaki ulivyo, wangeuona ni mkwaruzo. Dalali naye akaniambia nizimishe taa ya injini kwa kuchomoa balbu yake, na kilomita "zirekebishwe". Nikamwambia asirudi kwangu. Huyo ndiye anayemuuzia mama mwenye watoto wadogo gari bovu, kisha analala usingizi.

Nikabadilisha njia. Nilifanya breki za nyuma zote mbili upya, maana gari lisilosimama huwezi kumpa mtu. Nikaweka betri mpya na kuosha rejeta. Vilivyobaki sikuvigusa. Nikachukua karatasi nikaandika kasoro zote kwa mkono: oili inavuja kidogo kwenye kava la juu ya injini, kutu kingo za mlango wa kushoto, shokapu za mbele zimechoka, kioo cha nyuma hakipandi, mkwaruzo umepakwa rangi na huu hapa mwanzo na mwisho wake. Zilikuwa kasoro nane. Kila aliyepiga simu nilimsomea kabla hajaja. Wengi waliishia kwenye simu, na hilo ndilo nililolitaka. Sikupoteza tena Jumamosi zangu kuwasubiri watu wa kuja kupiga teke tairi.

Aliyeinunua ni kijana anayefunga mahema na viti vya sherehe. Alifika asubuhi mapema. Nikamwambia, "Shika bomba la moshi kwanza, uone mashine ni ya baridi, sikuipasha moto ili iwake kirahisi. Kisha uwashe mwenyewe." Akalishika, akanitazama, akacheka. Ikawaka mara moja. Akanyanyua kiti, akaangalia mashine kwa tochi, akafuata karatasi yangu kasoro moja baada ya nyingine kama anayehakiki orodha ya mizigo. Mwisho akasema, "Mzee, umesahau moja. Taa ya ndani haiwaki." Ni kweli, nilisahau. Nikaiongeza kwa kalamu. Hatukubishana bei zaidi ya dakika tano. Nilipata pungufu ya nilichotaka, lakini zaidi ya kile alichokuwa ananiahidi dalali. Funguo nilimpa baada ya hela kuingia, na siku hiyo hiyo tukaenda pamoja kubadilisha jina kwenye hati. Usikubali kabisa mtu aondoke na gari ambalo bado linasoma jina lako.

Alipouvuta ule mlango wa pembeni, ule mlio wake wa kuteleza na kufunga, koo lilinikaba. Miaka tisa niliusikia kila asubuhi ya shule.

Huwa ananipigia mara moja moja. Juzi aliuliza mlango ule nilikuwa naupaka grisi gani kwenye reli yake. Nikamweleza, na nikamsisitizia kwamba akiliegesha siku nyingi asivute hendibreki, aweke gia na kuzuia tairi kwa jiwe.