Nguvu ya Breki Inayopotea Kabla ya Kufika kwenye Ringi

Baiskeli nyingi za mbio tunazoendesha hapa Tanzania zimeingia nchini zikiwa mitumba, na lalamiko ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wenye baiskeli hizo ni kwamba breki hazishiki. Shauri wanalopewa kwa kawaida ni kununua kalipa mpya, yaani kile chombo kinachobana raba za breki kwenye ringi ya gurudumu. Nalipinga shauri hilo, si kwa sababu kalipa haina maana, bali kwa sababu katika baiskeli nyingi nilizozikagua kalipa ilikuwa nzima, na nguvu ya mkono ilikuwa inapotea njiani: ndani ya kava la waya, kwenye raba zilizokauka, au juu ya ringi chafu. Mwenye kubadilisha kalipa akaviacha hivyo vitatu kama vilivyokuwa atakuwa ametumia fedha nyingi kwa faida ndogo.

Ukubwa wa kazi ya breki unaonekana vizuri kwenye mteremko wa Lushoto kwenda Mombo, ambao hushuka takriban mita 1,000 kwa barabara ya lami yenye kona kali zinazofuatana. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 80 kwa jumla, nishati inayoachiliwa katika mteremko huo ni karibu kilojuli 785, na sehemu yake isiyochukuliwa na upepo na msuguano wa matairi hugeuzwa joto na vipande vinne tu vya raba vinavyobana ringi mbili. Tena umbali wa kusimama haukui sawasawa na mwendo: anayekwenda kilomita 60 kwa saa anahitaji mara 4 ya umbali anaouhitaji anayekwenda kilomita 30, hata kabla ya kuhesabu muda wa kushtuka na kukamata breki.

Kwa hiyo nashauri kazi ianzie kwenye waya na kava lake. Kipimo chake ni rahisi: simama kando ya baiskeli, bana mkono wa breki polepole, na utazame raba zinapogusa ringi. Ikiwa mkono unaendelea kusogea sana baada ya raba kugusa, nguvu yako inatumika kukandamiza kava na kunyoosha waya badala ya kubana gurudumu. Fungua bolti inayoshika waya kwenye kalipa, kisha uvute waya huku na huku kwa vidole; ukikwama au ukikwaruza, ubadilishe pamoja na kava lake, kwa maana waya mpya ndani ya kava lenye kutu haudumu. Kwa wakazi wa Tanga, Dar es Salaam na mwambao wote, ambako hewa ya chumvi hula chuma upesi, inafaa kutafuta waya wa chuma kisichoshika kutu.

Hapa lipo jambo moja ambalo naomba lizingatiwe kwa uzito, kwa kuwa linagusa uhai wa mtu. Kava la breki lina chuma kilichozungushwa kama springi, na kwa kawaida lina unene wa milimita 5. Kava la gia ni jembamba zaidi, na nyaya zake nyingi hulala kwa urefu zikishikwa na plastiki peke yake. Duka likiishiwa kava la breki, wapo mafundi wanaofunga la gia, nalo hufanya kazi vizuri katika matumizi mepesi, lakini likibanwa kwa nguvu zote wakati wa dharura plastiki inaweza kupasuka na breki ikatoweka kabisa. Vilevile waya wa breki ya baiskeli ya mbio una kichwa chenye umbo la peasi, tofauti na kile cha baiskeli ya milimani ambacho ni kama pipa dogo. Kisichokaa sawasawa katika nafasi yake kisilazimishwe kwa tupa. Tupa itumike kwenye ncha za kava baada ya kulikata, ili ziwe bapa na zikae imara, kwani ncha iliyokatwa mshazari hubonyea kila unapobana, na breki huhisiwa laini hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Raba huzeeka hata bila kuliwa. Zikikaa miaka mingi hukauka, uso wake hung'aa, na vipande vya aluminiamu kutoka kwenye ringi hunasa ndani yake vikawa vinaikwangua ringi ileile. Unaweza kuvitoa kwa sindano na kusugua uso wa raba kwa msasa, lakini raba iliyokwisha kuwa ngumu ibadilishwe tu. Kwa nchi yenye masika kama yetu, napendelea zile za rangi ya samaki wa samoni za kampuni ya Kool-Stop, ambazo hushika vizuri penye maji. Wakati wa kufunga, uso wote wa raba ulale juu ya ukanda wa breki, yaani ule ubavu bapa wa ringi unaobanwa na raba, usiguse tairi, na ncha ya mbele iwe karibu na ringi kwa takriban milimita 1 kuliko ya nyuma, jambo linalopunguza mlio. Ringi za kaboni zina raba zake maalumu na zisichanganywe.

Ringi yenyewe isafishwe kwa spiriti na kitambaa safi. Ikiwa ni ya chuma iliyopakwa kromu, nasema wazi kwamba hakuna raba ya kawaida itakayoifanya ishike vizuri ikiwa imelowa. Fedha ya kalipa iende kwenye magurudumu ya aluminiamu. Na ringi ya aluminiamu ambayo ukanda wake umeliwa ukabonyea ndani haifai tena, kwa sababu presha ya tairi inaweza kuupasua.

Baada ya hayo yote, hakikisha unajua mkono upi unakamata breki ya mbele. Baiskeli kutoka Uingereza na Japani kwa kawaida huwa nayo kulia, na zile za Marekani kushoto, hivyo mtu anayebadilisha baiskeli anaweza kukamata breki asiyoikusudia. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa unapofunga breki uzito huhamia mbele, na gurudumu la nyuma huanza kuteleza mapema. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts, Marekani, aliyefariki mwaka 2008, aliwahimiza waendeshaji kujifunza kuitegemea breki ya mbele kwenye barabara kavu na imara, nami nakubaliana naye, ila penye mchanga au utelezi itumike kwa uangalifu zaidi. Sogeza mwili nyuma, inua viganja kutoka juu ya usukani na ushike sehemu ya chini iliyopinda, ambako vidole hufikia ncha ya mkono wa breki na kupata nguvu kubwa zaidi kwa juhudi ileile.

Waya mpya hulegea kidogo katika safari za mwanzo kadiri kava linavyokaa mahali pake. Kaza waya kwa kirekebishi kilicho kwenye kalipa, kisha ubane mikono yote miwili kwa nguvu zako zote baiskeli ikiwa imesimama, na uangalie kama waya umeteleza kwenye bolti.