Kabla hujaisugua fedha ya zamani

Kikuku cha fedha kikitoka kashani kimeingia weusi, wengi wetu hapa Lamu hukimbilia ndimu au ukwaju. Kitang'aa kweli, ila asidi hula shaba iliyochanganywa na fedha, na uso unaobaki huingia weusi tena upesi. Kisome kwanza, ujue kama ni fedha kweli.

Tumia mizani ya sonara inayopima hadi gramu 0.01. Masonara wa pwani na wa Arabuni waliyeyusha sana riale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, na kila riale ina gramu 28.07, fedha ikiwa sehemu 833 kwa 1,000. Pima kitu kikiwa kikavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, na uning'inize kitu kwa uzi mwembamba hadi kizame chote bila kugusa kikombe. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka sasa. Riale halisi husoma karibu 2.75 majini, kwa hiyo jibu ni 10.2. Madini meupe ya shaba, nikeli na zinki, yasiyo na fedha hata chembe, hutoa karibu 8.7. Viputo vilivyoganda kwenye nakshi hushusha jibu. Vipanguse kwa brashi laini. Furungu, yaani kikuku cha mguuni, lenye uwazi ndani usilipime hivi, hewa itakudanganya.

Riale ikining'inia kwenye mkufu, usiuhesabu umri wa mkufu kwa mwaka 1780 ulioandikwa. Malkia alikufa mwaka huo, na sarafu imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi leo. Jinsi tundu la kikonyo cha kuning'inizia lilivyolika ndiyo itakayokueleza zaidi.

Fedha ya Skandinavia ilipita njia kama hii. Katika karne ya 9 na ya 10, dirhamu za nchi za Kiislamu zilipanda kwa mito ya Urusi ya leo, zikayeyushwa kuwa vikuku, na vikuku vikakatwa vipande na kupimwa kama pesa. Hazina ya Spillings, iliyopatikana kisiwani Gotland, Sweden, mwaka 1999, ilikuwa na kilo 67 hivi za fedha na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi za Kiislamu. Vipande vingi vya zama hizo vina chale ndogo za kisu, alama za mnunuzi aliyejaribu fedha. Anayezisugua zikapotea amefuta ushahidi. Vivyo hivyo alama za tupa na nyundo kwenye vikuku vyetu.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ndogo: unga laini wa chaki, maji kidogo, kitambaa cha pamba, na uguse sehemu zilizoinuka tu. Weusi wa ndani ya nakshi uache, ndio unaoifanya ionekane. Foili ya alumini na magadi kwenye maji moto huuondoa wote, kazi ya sonara ikabaki bapa. Dawa ya meno hukwaruza.

Kikivunjika, mkatalie fundi anayetaka kulehemu kwa risasi. Siku kitakapotiwa moto mkali wa lehemu ya fedha, mabaki ya risasi yatatoboa fedha yenyewe. Kama risasi ilishatiwa zamani, fundi aanze kwa kuikwangua yote.

Weusi huletwa na gesi ya salfa, ileile inayonuka kwenye tope la mikoko maji yakitoka. Hifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa, kila kitu peke yake, wala usifunge kwa mpira: mpira nao una salfa.