Dozi ya kumi

Zimepita siku sita tangu usiku ule wa wodini, na kwa kuwa sijapata mtu wa kumsimulia bila kuonekana kwamba naomba kuhurumiwa, naandika hapa. Dada, anayetibiwa saratani ya figo kwa dripu ya interleukini-2, alikuwa amefunikwa mablanketi matatu huku meno yakigongana, nami nilikuwa nimeshika daftari lenye visanduku 14 nilivyovichora kwa rula, kimoja kwa kila dozi, tisa kati yake vikiwa vimetiwa alama. Nikamwambia, "Jikaze, Dada, zimebaki tano tu." Hakufumbua macho. Akasema, "Wewe ndiye unayehesabu, mdogo wangu. Mimi nasikia baridi."

Wiki hii nimehamishiwa idara nyingine kazini na Kaka amepata mtoto wa pili, lakini kila nikikaa kimya ni sentensi hiyo ninayoisikia, na kila nikiisikia nabadilisha maneno yangu mwenyewe: mara namwambia pole, mara namwongezea blanketi, mara nalificha daftari chini ya kiti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Mimi ndiye niliyemweleza Mama, na kuwaeleza ninyi, kwamba interleukini-2 haiui saratani yenyewe. Ni protini ambayo mwili huitengeneza kwa kiasi kidogo, nazo seli T za kinga huitumia kama ishara ya kuamka na kuongezeka. Watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani waliitambua mwaka 1976 walipoona kwamba kwa msaada wake seli hizo huweza kukuzwa maabara kwa muda mrefu. Ile iliyomo katika dripu ya Dada imetengenezwa na bakteria waliopewa jeni yake, nayo hutolewa kwa wingi ambao mwili peke yake haungeufikia: uniti 600,000 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa dakika 15, kila baada ya saa nane, hadi dozi 14. Baada ya dakika 85 hivi nusu yake huwa imekwisha kutoka katika damu, ndiyo maana mgonjwa huamshwa hata usiku wa manane ili apewe nyingine.

Kwa hiyo ile baridi haikuwa udhaifu wa Dada. Kinga inapoitwa kwa sauti kubwa kiasi hicho, mwili mzima hufanya kama umevamiwa na maambukizi makali: homa hupanda, mgonjwa hutetemeka, tumbo huchafuka, na wakati mwingine hata fikra huvurugika. Muuguzi alimchoma pethidini, dawa kali ya maumivu, ili kutuliza mtetemeko. Nilipouliza kwa nini asipewe steroidi yakaisha yote, alinijibu kwa upole kwamba steroidi ingeweza kuilaza kinga ileile tunayohangaika kuiamsha.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni mishipa. Dawa hii hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu hata maji yakavuja na kuingia katika nyama za mwili, ndipo shinikizo la damu hushuka, mkojo hupungua, na uzito hupanda kwa kilo kadhaa katika siku chache. Uso wa Dada ulikuwa umevimba, na pete yake tulikuwa tumeivua tangu siku ya pili kwa sabuni na mabishano. Mishipa yake ilikuwa imelegea, nami nikamwambia ajikaze! Sijui kama Kiswahili kina neno ambalo lingekosa mahali pake kuliko hilo.

Alfajiri walipompima, shinikizo lilikuwa chini mno, na dozi ya kumi haikutolewa. Mkono wangu ulibaki juu ya kisanduku kile kitupu kama mwanafunzi aliyeshindwa kujibu swali. Daktari aliliona daftari, akaeleza, nadhani kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya mgonjwa, kwamba dawa hii haipunguzwi kipimo: ama hutolewa kamili ama huachwa, na iliyoachwa hairudishwi. Alisema pia kwamba 14 ni kikomo cha juu, wala si deni, na kwamba wengi hawafiki huko. Dada alipata ya kumi na moja, kisha wakasimamisha. Sasa yumo katika siku tisa za mapumziko kabla ya awamu ya pili.

Nadhani nilihesabu kwa sababu hesabu nyingine siwezi kuishika. Katika majaribio yaliyotangulia kuidhinishwa kwa dawa hii nchini Marekani mwaka 1992, kwa wagonjwa 255 wenye saratani ya figo iliyosambaa, uvimbe ulipungua au kutoweka kwa takribani 15 kati ya kila 100, na ulitoweka kabisa kwa takribani saba. Baadhi ya hao saba waliishi miaka mingi bila ugonjwa kurudi, na ni kwa ajili yao dawa ngumu kiasi hiki bado inatajwa hata baada ya kuja zile zinazoondoa breki za kinga, ambazo Dada alikwisha kuzipitia, kama mnavyokumbuka. Saba kati ya 100 ni namba ambayo huwezi kuichorea visanduku.

Jana mchana simu iliita nikiwa katikati ya kikao. Nilitoka mbio nikidhani kuna jambo, kumbe Dada alitaka kunitangazia kwamba pete imeingia. Imeingia yenyewe, bila sabuni. Ngozi inamwasha na kubambuka mikononi, anachoka akipanda ngazi, lakini amekojoa, alisema kwa fahari ambayo sijamsikia nayo tangu apate kazi, "kama mtu mwenye figo mbili." Nilicheka ukumbini hadi mtu akafungua mlango kunitazama. Kisha akaniuliza kama daftari bado ninalo. Nikasema ninalo. Akasema, "Lilete tukirudi wodini. Safari hii nitahesabu mimi, wewe utasikia baridi."

Sijui kama huo ndio msamaha au ni utani wake wa siku zote, kwa maana Dada hajawahi kuvitenganisha. Nimelitia daftari katika mkoba wa wodini, nikalitoa, nikalirudisha.

Ni saa sita usiku sasa, na miwani ya mwanangu haionekani popote. Nimetafuta chini ya kitanda na ndani ya viatu, na kesho asubuhi ana mtihani.