Sauti Ipo, Picha Hakuna: Kubadilisha Taa za Nyuma za Runinga Nyumbani

Runinga yetu ya inchi 32 ilifikia hatua ya kuonyesha picha kwa sekunde moja au mbili kila ilipowashwa, kisha kioo kikawa cheusi huku sauti ikiendelea kama kawaida. Mafundi huuita ugonjwa huu "sauti ipo, picha hakuna", na wengi wao hutaja taa za nyuma kabla hawajashika bisibisi. Ipo njia ya kuthibitisha jambo hilo bila gharama yoyote. Usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, nilikimulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari na kwa karibu sana, nikamwona msomaji wa taarifa ya habari akiendelea na kazi yake, hafifu mno lakini kamili. Kama nisingeona hata kivuli, ningeishuku kwanza bodi kuu au kioo chenyewe, na huenda kazi yote ningemwachia fundi.

Kioo cha LCD, yaani aina ya kioo kilichomo kwenye runinga bapa kama yetu, hakitoi mwanga wa aina yoyote. Kazi yake ni kuruhusu au kuzuia, nukta kwa nukta, mwanga unaotoka nyuma yake. Katika runinga bapa za mwanzo mwanga huo ulitoka kwenye mirija myembamba ya floresenti yenye zebaki ndani yake. Siku hizi hutoka kwenye LED, yaani vitaa vidogo sana, zilizopangwa juu ya stripu nyembamba za alumini. LED hizo huonekana nyeupe, lakini kiini chake ni cha bluu na kimefunikwa na fosfori ya njano, yaani tabaka linalogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa wa njano ili jumla yake ionekane nyeupe. Ni LED hiyo ya bluu iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Fosfori inapochakaa kwa joto, picha huanza kuelekea rangi ya bluu au zambarau, kwa hiyo mwenye runinga ya namna hiyo ajue kwamba taa zake zimo njiani kufa. Yetu ilikuwa imeanza rangi hiyo pembeni, na sisi tukadhani ni tatizo la kituo cha televisheni.

LED za stripu huungwa mfululizo, kama taa za mapambo za zamani, hivyo moja ikikatika njia nzima ya umeme hukatika. Saketi inayozilisha hupandisha volti ikijaribu kusukuma mkondo, hufika kwenye kikomo chake cha usalama, kisha hujizima. Wakati mwingine LED haijakatika moja kwa moja: ikiwa ya baridi hupitisha umeme, ikipata joto huachia. Ndiyo maana ya ule mwako mfupi wa mwanzoni, ambao humfanya mtu azime na kuwasha mara nyingi akitumaini kwamba safari hii picha itabaki.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa kuwa hatari yake iko wazi. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufikia takriban volti 325 ndani ya kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya bodi ya umeme, na kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Niliiacha runinga ikae bila umeme, nikaifungua kava ya nyuma, kisha nikaipima kapasita kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Asiye na multimita, au asiyejua kuitumia, aishie kwenye jaribio la tochi.

Kinachowashinda watu wengi si umeme, ni kioo. Taa ziko nyuma ya kioo, lakini katika runinga nyingi za aina hii haziwezi kufikiwa kwa upande wa nyuma. Ni lazima fremu ya mbele ivuliwe na kioo kinyanyuliwe. Kioo hicho ni chembamba, hakina uti wa mgongo wake chenyewe, na ukingoni kimeshikamana na bodi ndefu kwa vipande vya filamu laini vinavyobeba saketi ndogo za kuendesha nukta. Filamu hizo hazivumilii kukunjwa wala kuvutwa. Moja ikipasuka, kioo hutokea na mistari ya wima au na sehemu nzima iliyokufa, na urekebishaji wake unahitaji mashine ambayo fundi wa mtaani kwa kawaida hana. Kioo kipya nacho hugharimu kiasi kinachokaribia bei ya runinga nzima, kwa hiyo hapo ndipo kazi ya bei nafuu hugeuka hasara. Nilimwomba shemeji anisaidie kunyanyua, kila mmoja akashika pande mbili, bodi ndefu ikainuliwa sambamba na kioo, na vyote vikalazwa juu ya godoro lililotandikwa shuka safi.

Chini ya kioo kuna karatasi za kusambaza mwanga, na mpangilio wake ni lazima ukumbukwe, pamoja na upande unaotazama juu. Nilizipiga picha kwa simu kila nilipoondoa moja. Alama ya kidole au unywele mmoja uliobaki humo utaonekana kwenye kila mechi ya mpira mpaka runinga ifunguliwe tena. Baada ya karatasi hizo kuna plastiki nyeupe ya kuakisi mwanga, na chini yake stripu zenyewe. Kipima LED kilionyesha zilizokufa ni mbili tu. Nyingine ziliwaka, ingawa kadhaa zilikuwa na rangi ya bluu.

Watu wengi hununua stripu kwa kutaja jina na ukubwa wa runinga, na hilo ni kosa, kwa sababu kampuni moja hutumia stripu tofauti ndani ya modeli zinazofanana kwa nje. Muuzaji wa Kariakoo alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kulirudia jambo lile lile: "Kaka, niletee stripu yenyewe niione." Kinachotazamwa ni namba iliyochapwa juu ya stripu, urefu wake, idadi ya LED, nafasi ya matundu ya skrubu na soketi, na zaidi ya yote volti ya kila LED, kwani zipo za volti 3 na za volti 6.

Nilibadilisha seti nzima. Ningeweza kulehemu LED mbili mpya mahali pa zilizokufa, na wako mafundi wanaofanya hivyo kwa ustadi, lakini zilizobaki zimetumika kwa muda ule ule na kwa joto lile lile, nami sikutaka kukinyanyua kioo kile mara ya pili. Kabla ya kurudisha chochote niliziwasha stripu mpya kwa kipima, nikahakikisha kila lenzi, yaani kifuniko kidogo cha plastiki kilicho juu ya kila LED, imeshika vizuri, kwa sababu lenzi ikidondoka huacha doa jeupe linalong'aa kwenye picha.

Runinga ilipowaka, rangi nyeupe ilikuwa na ubaridi kidogo kuliko tuliyoizoea. Niliingia kwenye menyu ya picha nikakuta mwanga wa nyuma umewekwa 100, nikaushusha hadi 60. Mpangilio huo usichanganywe na ule wa ung'avu wa picha, ambao hubadilisha weusi na weupe wa picha bila kupunguza mzigo wa taa. LED huuawa na joto, na joto hutokana na mkondo. Sebule yetu haina jua la kuhitaji 100. Runinga ya inchi 55 ikipata ugonjwa huu nitampelekea fundi, kwa kuwa kioo cha ukubwa huo hakinyanyuliwi na watu wawili juu ya godoro.