Nilivosafisha picha ya akriliki bila kuing'oa rangi

Mi natengeneza fremu hapa Wandegeya, Kampala, na watu wananiletea picha za kuchora zimechafuka wanataka zipanguswe kwa kitambaa na sabuni wazichukue jioni hiyohiyo. Siku hizi nakataa. Kwanza nataka kujua hiyo ni rangi gani.

Kuna Hajati mmoja wa Bombo kaniletea picha kubwa ya soko, aliinunua zamani kwa mwanafunzi wa sanaa pale Makerere, ikakaa sebuleni karibu na mlango wa jikoni miaka na miaka, moshi wa sigiri ukaingia mpaka mbingu ya bluu ikawa kama chai, na nyuma kukaota ukungu maana ukuta ule mvua ikianza tu unalowa. Akaniambia, "Mwanangu, vumbi litoke ila rangi ibaki, marehemu aliipenda sana hii." Nikamwambia Hajati niachie, ila usinikimbize.

Sasa akriliki za maji, rangi za kuchorea zinazochanganywa na maji, zilianza kuuziwa wasanii huko Marekani katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo ukilinganisha na rangi ya mafuta yenye karne kadhaa hizi bado changa na wataalamu wanaendelea kuzisoma. Majumba ya sanaa ya Tate ya London na taasisi ya sanaa ya Getty ya Los Angeles wamezichimba sana, na 2006 watafiti walikutana Tate Modern hukohuko London kuzungumzia rangi za kisasa tu. Kwa kazi yangu mimi kubwa ni hili: akriliki ni plastiki, na kwenye joto kama letu inabaki laini, ndo maana vumbi halikai juu tu, linazama. Alafu ndani yake mna vitu vya jamii ya sabuni vinavyosaidia ile plastiki ichanganyike na maji, navyo vinapanda juu polepole. Ukipitisha maji unaviondoa, rangi yenyewe inavimba, na baadhi ya rangi zinatoka kabisa. Spiriti ndo mbaya zaidi, inailainisha.

Basi nikaanza na ukungu, nimevaa maski, nje kwenye hewa kavu, brashi laini nyuma na mbele. Baada ya hapo nikajaribu ukingoni pale turubai linapokunjwa kwenye mbao. Kidoa cha spiriti, padogo sana, pakalainika na kunata hapohapo, nikajua hii si rangi ya mafuta, ni akriliki. Kisha kijiti cha pamba na maji ya distili, rangi moja moja, kila mara naiangalia pamba. Bluu na nyeupe zilitoa uchafu wa kijivu tu. Lakini ile nyekundu ya gomesi, gauni la kina mama wa Uganda, la mama muuza matoke aliyekaa pembeni, pamba ikarudi ya waridi, nikasimama.

Kwa hiyo maji nikayaweka kando, nikachukua sponji za mekapu zile nyeupe, mpya, kavu, nikawa nagusa na kuzungusha kidogo bila kukandamiza, ikichafuka natupa nachukua nyingine. Wataalamu wa akriliki nao wanazitumia hizi na kwa kweli zinafanya kazi, mbingu ilirudi pole pole, ukasikia kabisa raha ya kuona mawingu ambayo hata Hajati alikuwa ameyasahau. Sehemu ngumu za bluu tu ndo nilipitisha kijiti chenye unyevu kidogo, mara moja, basi. Gomesi nimeiacha na moshi wake kidogo, bora hivo kuliko kuiosha nyekundu ikaisha.

Kabla ya kuirudisha nikapigilia vipande vya kizibo kwa misumari nyuma ya fremu hewa ipite, nikamwomba Hajati aihamishie ukuta wa ndani, mbali na jikoni, akakubali. Na nimebandika kadi kwenye mbao, si kwenye turubai, nimeandika kwa penseli tarehe, nilichotumia wapi, na kwamba nyekundu inatoka kwa maji, atakayeifungua baadaye asianze na ndoo.