Jioni bila katuni

Hapa kwetu Tabata, kuanzia saa kumi alasiri TV inazimwa. Mimi na baba yao tukiingia tu, simu zetu nazo zinakwenda kwenye droo ya kabati la vyombo mpaka watoto walale. Mdogo mwanzoni aligoma hata kula, analilia katuni. Tukavumilia. Sasa ni rede na kombolela na watoto wa jirani, wanarudi vumbi mpaka kwenye nyusi, na ugali wanaumaliza bila kubembelezwa. Jamani, raha!

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini. Wa chini ya mwaka 1, asioneshwe kabisa.

Dada wa nyumbani nilikaa naye chini mapema, maana ndiye anayeshinda nao.